Paka Uliyemchagulia Cucu

Mwanangu Rwamba,

Inatangazwa rasmi kwa jamaa, marafiki na majirani wote wa jengo letu hapa Majimbo, kuanzia ghorofa ya chini hadi kwa yule kijana wa juu anayetuchezea muziki kila Jumapili bila kuombwa, kwamba leo alasiri paka Karani, mwajiriwa wa nyumba hii, amekamata mende. Ni mara ya kwanza tangu aanze kazi. Mende mwenyewe alikuwa amelala chali karibu na friji, miguu juu, dawa ya juzi imeshammaliza, na walioshuhudia, yaani mimi peke yangu, wanasema hakuleta ubishi wowote. Karani alimgusa kwa mguu, akamnusa, akarudi kwenye kochi kulala. Mazishi yamefanyika kwenye ndoo ya taka. Habari ziwafikie Shangazi Igoki kule Ishiara na wote wanaohusika.

Najua uliacha kucheka ulipofika kwenye jina la paka. Vumilia kidogo. Barua hii ni yake pia.

Wewe na mama yako mmeenda kanisani kuombewa safari. Mimi nimebaki nikisema kichwa kinaniuma, na mama yako amenitazama kwa yale macho yake ya kuhesabu chenji, akaniwekea chai kwenye thamosi na kuondoka. Si kichwa. Nilitaka meza iwe yangu peke yangu. Naandika kwa Kiswahili, lugha tuliyojifunzia darasani na sokoni, kwa sababu kwa Kimbeere ningelia kabla ya mstari wa pili, na kwa Kiingereza ungedhani ni barua ya benki.

Mambo ya blanketi, sufuria na kupiga simu mama yako ameshayamaliza, na ameyarudia. Sina la kuongeza. Wewe sasa ni nesi mwenye cheti, unakwenda kufanya kazi katika zahanati huko Laare, kwenye mashamba ya miraa, ambako watu watakuongelesha Kimeru ambacho hata mimi nikikisikia naitikia tu kwa kichwa kama mtu aliyealikwa arusi isiyo yake. Utakizoea. Nina hakika hata wakikupa miraa utaikataa kwa adabu, maana wewe ndiye mtoto aliyekuwa akitema pilipili hoho mezani mbele ya mchungaji.

Ninalotaka kuzungumzia ni lile la Jumanne. Ulikuwa unakunja nguo kitandani, mimi nimesimama mlangoni nikijifanya natafuta chaja. Ukasema bila kunitazama, "Baba, nikirudi Desemba nisimkute huyo paka."

Nikasema, "Kwani Karani amekukosea nini?"

Ukasema, "Baba, unajua."

Nikajibu kwamba chaja huenda iko dukani, nikaondoka.

Ndiyo, najua. Najua kwamba tangu tumzike mama yangu, Cucu wako, hujamgusa yule paka. Akipanda kwenye kochi, unahamia kiti. Najua kwamba wewe ndiye uliyemtafuta, ukamleta ndani ya nyumba hii, na kwamba sote tunasema Cucu alijikwaa kwake akaanguka. Na mama yako amenieleza jinsi alivyokusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, huku umefungulia bomba la bafuni ili tusisikie, "Mimi ndiye niliyemletea Cucu kifo, ndani ya kikapu."

Sitaki upande gari kesho ukiwa na sentensi hiyo. Si ya kweli. Lakini nisipoanzia mbali hutaelewa kwa nini nimechelewa kukuambia, kwa hiyo keti.

Unakumbuka jinsi Cucu alivyokuja kwetu, ila unakumbuka kwa macho ya mtoto wa shule ya bweni aliyefunga na kukuta chumba chake kimepewa mtu mwingine. Mimi nakumbuka hivi. Kule Ishiara macho yalikuwa yameanza kumwisha, presha inapanda, na siku moja alisahau sufuria ya ndengu motoni, jiko likaungua upande mmoja. Mimi na Shangazi Igoki tukakubaliana kwenye simu, mazungumzo mafupi, kama watu wanaouziana ndama. Shangazi yako alisema, "Wewe ndiye mwanamume, na wewe ndiye uko karibu na hospitali." Mimi nikasema sawa. Hakuna aliyempa mama simu.

Nilimwambia anakuja kliniki ya macho, na kwamba atarudi mvua ikianza, kupanda. Alibeba nguo za wiki moja na panga lake la palizi. Panga lile lilikaa nyuma ya mlango wa bafu kwa muda wote aliokaa nasi. Mvua ikaanza, nikamwambia barabara imeharibika. Ikakatika, nikamwambia jua ni kali mno kule. Alikuwa akiuliza kwa upole sana, kama mtu anayeuliza saa. "Njeru, tunaenda lini?" Nami nilikuwa na jibu la kila msimu.

Hebu fikiria ghorofa ya pili kwa mtu aliyeishi maisha yake yote akikanyaga udongo. Asubuhi mama yako anaenda kazini, mimi nafungua duka, wewe uko chuoni. Anabaki na redio na dirisha linaloangalia ukuta wa jengo la pili. Siku moja nilirudi nikamkuta anapiga gumzo na mwanamke wa jengo hilo aliyekuwa akianika nguo, wanaelewana kwa mikono, maana yule mama ni Mturkana na Cucu Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi.

Hapo ndipo nilipopata wazo la paka. Na hapa naomba ukumbuke kazi yangu ni nini. Mimi ni mtu wa agroveti. Wakulima wanatoka Runyenjes na Siakago kuja kuniuliza dawa ya kupe, nami huwajibu nikiwa nimevaa koti jeupe ambalo sikulisomea. Kwa hiyo katika ukoo huu, mtu wa kuchagua mnyama ni nani kama si mimi?

Siku ya soko nilienda Ishiara kwa mzee mmoja muuza mbuzi ambaye paka wake alisifika eneo zima. Ilisemekana aliwahi kuua nyoka aliyekuwa akielekea kwenye kitanda cha mtoto. Watoto wa paka huyo walikuwa kwenye boksi. Niliwakagua vile tunavyokagua kwetu: unamshika ngozi ya shingo, unamwinua, na akivuta miguu ya nyuma tumboni, huyo ni mwindaji; akiining'iniza, huyo ni mlaji tu. Mmoja alivuta miguu, akanguruma, akanipasua kidole. Nikasema, "Huyu ndiye." Mzee akanipongeza. Nilirudi nikiwa na plasta kidoleni na furaha kama mtu aliyenunua fahali.

Cucu alimshika, akamgeuza, akauliza, "Njeru, humu ndani kuna panya?"

"Hakuna, mama."

"Nyoka?"

"Ghorofa ya pili, mama? Nyoka atapandaje?"

"Sasa huyu askari umemleta alinde nini?"

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa shukrani. Yule paka tukamwita Simba, na unajua mengine. Alipanda mapazia. Alivizia vidole vya Cucu chini ya blanketi usiku akidhani ni windo. Ngozi ya mama wakati huo ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu, na zile dawa za moyo zilifanya kila mkwaruzo utoe damu mpaka mchana. Alivaa soksi za mama yako mikononi. Mwanamke aliyefuga mbuzi arobaini, amevaa soksi mikononi ndani ya nyumba ya mwanawe, akimwogopa mnyama anayetosha ndani ya kofia. Na hakulalamika. Alisema tu, "Ni kijana. Anataka kazi, na hapa hakuna kazi." Simba mwenyewe alitatua jambo hilo kwa kuruka kutoka kwenye balkoni hadi juu ya kibanda cha mama mboga. Baadaye nilimwona kwenye bucha karibu na soko, amenenepa, akanitazama kama mtu aliyewahi kunikopesha.

Kisha ukafunga chuo.

Nataka nikukumbushe ulivyofanya, maana nadhani kifo kimekusahaulisha, na mimi nilikuwepo, nikikucheka. Jioni ya kwanza uliketi chini kwenye mkeka karibu na miguu ya Cucu, ukamuuliza, "Cucu, wewe ungetaka paka wa namna gani?"

Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nililishusha. Hilo swali halikuwahi kuulizwa katika nyumba hii. Si kuhusu paka tu.

Cucu akasema, "Nataka mtu wa kukaa. Asinirukie. Asinipite miguuni mbio mbio. Na asiwe mtoto, nisije nikamwacha yatima. Asiwe mzee sana pia, sitaki kuzika tena."

Ukaenda kutafuta. Ulikataa vitoto vya bure vya jirani. Ulikataa yule mweusi wa mlinzi wa kanisa ingawa alikuwa mpole, ukasema kwamba korido yetu ina giza na Cucu huona vitu vyeupe tu, mweusi angekuwa shimo sakafuni. Ulimkataa mmoja mrembo mwenye manyoya marefu, ukasema ni nani atamchana kila siku, Cucu na mikono ile? Nikakuambia, "Kumbe paka siku hizi anafanyiwa intavyuu." Ukanijibu, "Baba, mbuzi unamwangalia meno kabla hujamnunua, na mbuzi hakai na wewe kwenye kochi."

Ulimpata pale pale kwenye jengo letu. Mama Purity wa ghorofa ya chini alikuwa anahamia kwa mwanawe Chuka, ambako kuna mbwa watatu, na hakujua amwache na nani paka wake. Nilikusindikiza, na nilichosha miguu kwa kusimama. Ulikaa sakafuni bila kumwita. Ulikaa tu. Paka mweupe, wa makamo, mwenye tumbo kama langu, alikutazama kutoka juu ya kabati, akashuka kwa hatua za mtu anayeenda kupokea pensheni, akaja kukaa karibu na goti lako. Ukaangusha kifuniko cha sufuria makusudi. Akafungua jicho moja, akalifunga. Ukambeba, ukamweka mapajani, ukambonyeza vidole vya mguu kuona kama atakubali kukatwa kucha. Ukamuuliza Mama Purity kama ana tabia ya kujipitisha miguuni mtu akiwa anapika.

"Huyu?" Mama Purity akasema. "Huyu hata nyumba ikishika moto atangoja abebwe."

Ukauliza kama amewahi kuishi nje. Akasema hapana, alizaliwa kwenye nyumba za ghorofa, alishafungwa uzazi, na mara ya mwisho alipokanyaga majani alitikisa miguu kama aliyekanyaga maji.

Hata hivyo ukasema, "Tutamjaribu kwanza. Cucu akimkataa nitamrudisha kabla hujahama." Ukambeba kwenye kikapu. Cucu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Ulifungua kikapu katikati ya chumba ukarudi nyuma, ukanivuta shati na mimi nirudi nyuma. Paka alizunguka makochi, akanusa ile soksi iliyobaki sakafuni, akafika kwa Cucu. Cucu hakumwita. Wakatazamana, yeye kwa macho ya ukungu na yule kwa macho ya kijani. Kisha paka akapanda mapajani kwa taabu, akageuka mara mbili, akalala. Cucu akaweka mkono wake mtupu mgongoni mwake na kusema, "Ni mzito. Huyu ni mtu."

Baada ya siku chache alimpa jina la Karani, kwa sababu, alisema, anakaa siku nzima, hafanyi kitu, na mwisho wa mwezi bado anakula. Hapo mimi na mama yako, wastaafu watarajiwa, tulitazamana.

Na hukuishia hapo. Ulimfunga ukosi wenye kengele ili Cucu amsikie alipo. Uliweka sahani yake juu ya kigoda ili Cucu asiiname. Ulileta unga wa mbao kutoka kwa seremala, ukauweka kwenye beseni la kingo fupi bafuni, ukaniagiza mimi kulisafisha, mimi baba yako, kila asubuhi kabla ya kazi. Nimelisafisha. Nalisafisha hadi leo.

Paka mweupe, mwenye kengele, asiyepita miguuni mwa mtu, asiyekimbia. Wewe mwenyewe ulimchagua hivyo ili Cucu asianguke. Sijui ilikuwaje sote tukakubali kwamba ndiye aliyemwangusha. Mimi ndiye pekee niliyejua kwamba haikuwezekana.

Baada ya Karani kuja, Cucu aliacha kuniuliza tunaenda lini. Nilijipongeza. Nilimwambia mama yako, "Umeona? Mzee alihitaji wa kuzungumza naye tu." Mfugaji akitaka mbuzi asiende mbali huchomeka kigingi ardhini, na mimi nilimfanya paka wako kigingi. Wewe ulimletea Cucu mwenzake; mimi nilimpokea kama kamba. Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani kabla yenu nikamsikia chumbani akizungumza. Alikuwa akimweleza Karani njia. Ukishuka kwenye gari, alimwambia, unaacha posho mill, pale pa kusagia mahindi, mkono wa kushoto, unafuata ua wa mikatani mpaka kwenye jiwe la kukalia, hapo unapumzika, kisha unaona mti wa mukau, na boma ni pale. Alimwambia pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto aende dukani. Nilisimama kwenye korido na Biblia mkononi. Kisha nikarudi mlangoni, nikaufungua upya kwa kelele, nikaita, "Mama, nimerudi." Alikuwa hajaacha kuuliza. Alikuwa ameacha kuniuliza mimi.

Huko Laare utaletewa wazee. Watakuja na watoto wao, na watoto ndio watakaokujibu: anaumwa hapa, anatumia hii, hali vizuri. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao, nilijua majibu yote ya mama yangu. Wewe unajua kuketi chini na kuuliza. Sikukufundisha mimi. Sijui kipaji hicho ulikitoa wapi, labda kwa Cucu, ambaye ulipewa jina lake. Usikiache kwa sababu ya hadithi niliyotunga.

Karani atabaki. Ukirudi Desemba utamkuta, na huna haja ya kumpenda tena kwa haraka. Mama yako nitamweleza kesho ukishapanda gari, na Shangazi Igoki nitaenda kumweleza ana kwa ana, nimwache anitukane mpaka achoke. Hiyo ni kazi yangu. Wewe hii ndiyo yako, kusoma tu.

Sasa ilivyokuwa.

Ilikuwa Ijumaa. Nilifungua duka, nikagundua nimesahau simu, nikarudi. Cucu alikuwa chini ya ngazi zinazotoka ghorofani kwetu, pale zinapogeuka, amelala ubavu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na viatu, si ndala. Kitambaa kichwani kilikuwa kimefungwa vizuri. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa nguo, zile zile za wiki moja, na panga la palizi limefungwa ndani ya kanga. Ndani ya mfuko alikuwa ametia nusu mkate na dawa ya macho.

Hakuwa analia. Aliponisikia alisema, "Njeru. Umerudi mapema."

Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na mimi."

Nilipiga magoti. Mguu ulikuwa umegeuka vibaya na sikujua pa kumshika. Nikauliza upuuzi. "Na Karani je?"

"Nimemwekea maji," akasema. "Huyo ni wa nyumba za juu, ndiko alikozaliwa. Nikimpeleka kule mbwa watamla." Akapumua kwa shida. "Mimi ndiye si wa huku."

Nilipanda kuchukua blanketi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ameusukuma chini ya mlango, kama tulivyokuwa tukifanya. Nilifungua kwa wangu. Karani alikuwa kitandani kwa Cucu, amelala. Hakuwahi kutoka nje ya nyumba hii asubuhi ile. Hakukanyaga ngazi.

Kisha nikafanya hivi. Kabla ya kuita jirani, kabla ya kuita gari, nilichukua ule mfuko na panga nikavirudisha ndani. Nilimvua koti la kanisani, na kumvua kulimwumiza, alikunja uso, nami niliendelea. Nilimvisha sweta ya nyumbani na ndala. Sikutaka watu wa Majimbo wajue kwamba mama yake Njeru wa agroveti alikuwa akitoroka nyumba ya mwanawe. Alinitazama wakati wote huo. Alielewa ninachofanya, akaninyooshea mkono wa pili ili mkono wa sweta upite.

Hospitalini ulifika jioni, umetoka chuoni na mkoba mgongoni. Shangazi Igoki alikuwa ameshafika. Wewe ndiye uliyeuliza, "Alianguka vipi?" Nami nikasema, "Ni paka. Alimpitia miguuni mlangoni, akaangukia ngazi."

Cucu alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua, akanitafuta mpaka akanipata. Shangazi akamwinamia. "Ni kweli, mama? Ni paka?"

Akasema, "Ndiyo. Paka."

Uliweka uso wako kwenye shuka lake ukaanza kumwomba msamaha. Alikupapasa kichwa. Mimi nilikuwa upande wa miguu ya kitanda, nimeshika chupa ya chai.

Mlipotoka kwenda kumnunulia maji, tulibaki wawili. Akasema, "Njeru, yule mtoto usimwache na hilo."

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

"Lini?"

"Kesho."

Akasema sawa. Akageuza uso ukutani, na mpaka alipofariki hakuniuliza tena.

Baba yako,
Njeru